Baragumu la kuwindia

Baragumu la kuwindia ni mojawapo ya silaha za mfululizo wa michezo ya video ya Monster Hunter, unaotengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani. Kwa Kiingereza linaitwa Hunting Horn. Ni ala kubwa ya muziki inayotumika kama rungu: mwindaji humpiga nayo dubwana, na kila pigo huzaa noti. Noti zikipangika kwa utaratibu unaotakiwa huwa wimbo, na wimbo ukipigwa humwongezea mwindaji na wenzake nguvu, kinga au afya.

Kwa sababu ya nyimbo hizo wengi hulihesabu kuwa silaha ya kuwasaidia wengine tu, na wanaoanza mchezo hulikwepa wakidhani kazi yake ni kusimama nyuma na kupuliza. Dhana hiyo ilikuwa na msingi katika matoleo ya mwanzo, lakini imepitwa na wakati. Mpigaji hodari wa baragumu ni mpiganaji anayekaa karibu na kichwa cha dubwana, na nyimbo zake hutokana na mapigo yake.

Historia

Mchezo wa kwanza wa Monster Hunter ulitoka mwaka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, na baragumu halikuwemo. Liliingia mwaka 2006 katika Monster Hunter 2, pamoja na upanga mrefu, mkuki wenye mzinga na upinde. Kwa kuwa toleo hilo liliuzwa Japani tu, wachezaji wa nchi nyingine walilifahamu baragumu mwaka 2007 kupitia Monster Hunter Freedom 2 ya PSP.

Katika matoleo hayo kupiga na kupuliza vilikuwa kazi mbili mbalimbali. Aliyetaka wimbo alipaswa kusimama, kuingia katika hali ya kupuliza, kisha kubonyeza noti mojamoja huku dubwana akiendelea na shughuli zake. Aliyekuwa katikati ya vita hakuwa na nafasi hiyo, kwa hiyo wapigaji wengi walijitenga pembeni. Sifa ya "mtumishi wa kikundi" ilizaliwa hapo.

Mwaka 2009 baragumu liliachwa nje ya Monster Hunter Tri ya Wii. Liliporudi mwaka 2010 katika Monster Hunter Portable 3rd, lilikuwa limebadilika katika jambo moja kubwa: sasa kila pigo lilileta noti yake. Mwindaji aliweza kutunga wimbo huku akimshambulia dubwana, na hata kitendo cha kuupiga wimbo kikawa pigo. Matoleo makubwa yaliyofuata yamejengwa juu ya wazo hilo. Tangu Monster Hunter 4 ya mwaka 2013, mfululizo una aina 14 za silaha, na baragumu ni mojawapo.

Umbo na aina ya madhara

Jina lisimdanganye msomaji: mabaragumu mengi hayafanani na pembe hata kidogo. Yapo yenye umbo la zumari la mifuko, kama lile la chuma liitwalo Metal Bagpipe, na yapo yanayofanana na gitaa, ngoma au kengele. Mengi hutengenezwa kwa mifupa, magamba na ngozi za madubwana waliowindwa, na sauti ya kila moja hufuata umbo lake.

Baragumu hutoa madhara ya kuponda, kama nyundo. Faida yake ni kwamba mapigo ya kichwani yakikusanyika, dubwana hushikwa na kizunguzungu na kuanguka, na kikundi kizima hupata sekunde kadhaa za kumpiga bila kujibiwa. Mapigo hayo pia humchosha. Hasara yake ni kwamba haliwezi kukata mkia, isipokuwa kwa pigo la kuchoma kwa mpini, ambalo katika matoleo kadhaa huhesabiwa kuwa la kukata. Ni njia ya polepole. Ni afadhali kumwachia mkia mwenye upanga. Jambo linalowachekesha wengi ni kwamba baragumu, ingawa halina makali, hulazimika kunolewa kwa jiwe kama silaha nyingine.

Nyundo huleta kizunguzungu upesi zaidi. Baragumu huishinda kwa urefu: hufika mbali, na pigo la kurudi nyuma hupanda juu kiasi cha kugonga kichwa ambacho silaha fupi haikifikii.

Noti na foleni ya nyimbo

Maelezo ya sehemu hii yanafuata Monster Hunter: World ya mwaka 2018, ambayo ndiyo iliyowaleta wachezaji wengi kwenye mfululizo huu.

Kila baragumu lina noti tatu, na kila noti ina rangi. Ya kwanza ni nyeupe au zambarau. Mbili zilizobaki hutoka katika rangi kama nyekundu, bluu, kijani, njano, samawati na machungwa. Kwenye pedi ya PlayStation, kitufe cha pembetatu hutoa noti ya kwanza, cha duara hutoa ya pili, na vyote viwili vikibonyezwa pamoja hutoa ya tatu. Kila kitufe ni pigo lenye mwelekeo na mwendo wake. Kwa hiyo kuchagua noti ni kuchagua pigo, na hapa ndipo ugumu wote wa silaha ulipo: noti inayohitajika inaweza kuwa ya pigo lisilofaa kwa wakati huo.

Noti huonekana juu ya skrini katika mistari ya muziki. Nafasi ni nne tu. Ya tano ikiingia, ya zamani kuliko zote hutoka. Noti za mwisho zikilingana na wimbo mmoja katika orodha ya baragumu hilo, wimbo huo huingia kwenye foleni. Foleni hubeba nyimbo tatu. Mwindaji anapobonyeza kitufe cha kupiga wimbo, hulizungusha baragumu kwa nguvu na wimbo huanza kufanya kazi. Akibonyeza tena mara moja, wimbo hurudiwa, na marudio hayo huongeza muda au nguvu ya wimbo. Anayeacha marudio kwa sababu ya haraka hupoteza sehemu kubwa ya jasho lake.

Kupiga wimbo si kusimama. Mwindaji anaweza kuelekeza kijiti cha pedi mbele, nyuma, kushoto au kulia, na mwili wake husogea huko wakati akipiga. Mjuzi huutumia mwendo huo kujiondoa mbele ya mkia unaokuja, au kuingia chini ya kidevu cha dubwana ili baragumu litue kichwani wimbo unapoanza. Wimbo uliopigwa hewani hufanya kazi yake, lakini uliopigwa juu ya fuvu hufanya kazi mbili.

Nyimbo zenyewe

Wimbo wa kwanza wa kujifunza ni ule wa kujiimarisha. Karibu kila baragumu linao, na hutungwa kwa kuirudia noti ya kwanza mara mbili: nyeupe na nyeupe, au zambarau na zambarau. Humwongezea mpigaji peke yake kasi ya kutembea akiwa na silaha mkononi, na husaidia mapigo yasidunde kwenye ngozi ngumu. Bila wimbo huo baragumu ni mzigo; ukiwepo, mpigaji huwa miongoni mwa wenye miguu myepesi uwanjani. Ndiyo maana mzoefu huutunga kabla hajamfikia dubwana, akipiga hewa njiani.

Nyimbo nyingine hutofautiana kwa kila baragumu. Zipo za kuongeza nguvu ya mapigo, za ulinzi, za kurudisha afya, za kupunguza uchovu, na za kinga dhidi ya moto, maji, umeme au barafu. Zinazotafutwa zaidi ni za kuongeza nguvu ya mapigo, na ni rahisi kuona sababu: wakiwa wawindaji wanne, kila mmoja hupiga kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo, thamani ya wimbo hutegemea anayewindwa. Kushala Daora hujizungushia upepo unaowayumbisha wawindaji. Wimbo wa kuzuia upepo, ambao mahali pengine hauna kazi, humfanya awe dubwana wa kawaida. Diablos hujichimbia mchangani na kuibuka chini ya miguu ya watu, na wimbo wa mawimbi ya sauti humtoa nje kama bomu la sauti linavyofanya, mradi hajakasirika. Dhidi ya madubwana wenye ngurumo kali, wimbo wa kuziba masikio huwawezesha wenzake kuendelea kupiga badala ya kujikunyata. Mpigaji anayejua kazi yake huwa na mabaragumu kadhaa sandukuni na huchagua baada ya kuona jina la anayewindwa.

Kulimudu baragumu

Hatua ya kwanza ni kukariri. Orodha ya nyimbo huonekana kwenye skrini, lakini anayeisoma wakati dubwana anashambulia amekwisha chelewa. Inatosha kuanza na nyimbo mbili: wa kujiimarisha na wa nguvu ya mapigo. Uwanja wa mazoezi unafaa kwa hili, kwa sababu vidole vinahitaji kuzoea kabla ya macho kuwa huru kumtazama adui.

Hatua ya pili ni kuunganisha. Kwa kuwa mistari hubeba noti nne na mchezo hutazama zile za mwisho, noti inayomaliza wimbo mmoja inaweza kuwa ya kuanzia wimbo mwingine. Anayeona viungo hivyo hujaza foleni kwa mapigo machache. Asiyeviona hutunga kila wimbo kuanzia mwanzo.

Hatua ya tatu ni kusoma wakati. Dubwana akiwa amelala, akihama eneo au akiwa ameingia mtegoni wa mwenzako, mahitaji hayafanani. Wakati wa kuhama ni wa kutunga. Akianguka kwa kizunguzungu, kosa la kawaida ni mpigaji kuendelea kupanga noti pembeni. Foleni inapaswa kuwa tayari imejaa ili nyimbo zote zitolewe juu ya kichwa kilicholala. Zaidi ya hayo, mpigaji aangalie wenzake wako wapi, kwa kuwa wimbo huwafikia walio karibu tu, na baragumu lina mzunguko mpana: likipigwa ovyo katikati ya watu huwayumbisha na kuwakatizia mapigo yao.

Inafaa kukumbuka hesabu ya mchezo wenyewe. Uwindaji mwingi hushindwa wawindaji wakizimia mara tatu kwa jumla, au muda, ambao mara nyingi ni dakika 50, ukiisha. Afya ya madubwana pia huongezeka wachezaji wanapokuwa wengi. Mpigaji asiyegusa dubwana amewaongezea wenzake mzigo, na wimbo wake lazima ulipe deni hilo kwanza kabla haujaitwa msaada. Kwa upande mwingine, anayepiga peke yake bila kundi hapungukiwi: nyimbo zote humfaa yeye na paka anayemsindikiza.

Miongoni mwa ujuzi unaopatikana kwa mavazi, Horn Maestro hurefusha muda wa nyimbo, na Slugger huharakisha kizunguzungu. Cha kwanza karibu kila mpigaji hukihitaji. Cha pili ni kwa aliyekwisha jifunza kukipata kichwa.

Mabadiliko ya Rise

Monster Hunter Rise, iliyotoka Machi 2021 kwa Nintendo Switch, ililibadilisha baragumu kuliko toleo lolote tangu 2010. Kila baragumu lilibaki na nyimbo tatu, kila moja ikifungwa kwenye noti moja. Pigo lilelile likirudiwa mara mbili mfululizo, wimbo wake hupigwa papo hapo bila foleni. Noti tatu tofauti zikifuatana, mwindaji anaweza kuzitoa nyimbo zote tatu kwa pamoja. Iliongezwa pia Infernal Melody: kipimo kinachojazwa kwa mashambulizi, na kikijaa hutoa ongezeko kubwa la nguvu ya mapigo kwa muda mfupi.

Matokeo yalikuwa mabishano. Wageni wengi walilijaribu baragumu kwa mara ya kwanza na kulipenda, kwa kuwa lilikuwa la kasi na halikudai kukariri. Wapigaji wa zamani walilalamika kwamba kilichoondolewa ndicho kilichokuwa silaha yenyewe: kupanga mbele, kuchagua baragumu kwa ajili ya adui fulani, kushikilia wimbo hadi saa yake. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Rise ilimaliza kabisa dhana ya mtumishi anayesimama nyuma, lakini ilifanya hivyo kwa kupunguza sehemu ya muziki.

Wilds

Monster Hunter Wilds ya Februari 2025 ilirudisha mistari ya noti na foleni ya nyimbo, bila kurudisha uzito wa zamani. Jambo linaloonekana zaidi ni mapovu ya mwangwi. Mwindaji huweka povu ardhini, na kila anapopiga au kutumbuiza ndani yake, povu hutoa mshindo unaomdhuru dubwana aliye karibu. Wawindaji wanaosimama humo hupata faida ya ziada ambayo hutegemea baragumu lililotumika.

Kwa hiyo mahali limekuwa swali jipya la mpigaji, sambamba na noti na wakati. Povu lililowekwa alipokuwa dubwana, si anapokwenda, hubaki likivuma peke yake. Wapigaji wazoefu huyaweka karibu na ukuta au mahali ambapo dubwana amenaswa, kisha humpigania hapohapo kadiri atakavyokubali kukaa.