Nani Mwenye Kipaji? Funzo la Historia ya Madarasa ya Watoto Hodari Nchini Marekani

Hakuna mwalimu asiyejua kwamba watoto hutofautiana. Mmoja huelewa hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Mwingine huhitaji kurudiwa mara tatu. Tofauti hiyo haikuzuliwa na mabepari, na kuikana si ujamaa. Suala la kisiasa huanza pale tunapouliza: ni nani anayemtafuta mtoto hodari? Anamtafuta kwa kipimo gani? Na akishampata, anampa nini ambacho wenzake hawapewi? Katika shule za msingi za Marekani maswali haya matatu yamejibiwa kwa vitendo kwa zaidi ya miaka 100. Inafaa kada na mwanafunzi wayachunguze majibu hayo.

Kipimo Chabadilishiwa Kazi

Kipimo cha akili hakikubuniwa kwa ajili ya kuteua wateule. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliokuwa wakishindwa shuleni, ili wasaidiwe. Binet aliwapinga waziwazi wale waliodai kwamba akili ya mtoto ni kiasi maalumu kisichoweza kuongezeka. Kwake yeye, kipimo kilikuwa mwanzo wa kazi ya mwalimu.

Kilipovuka bahari, kipimo hicho kilibadilishiwa kazi. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa toleo lake la Kimarekani. Terman aliamini kwamba akili hurithiwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka huo huo aliandika kwamba upungufu wa akili ulikuwa jambo la kawaida miongoni mwa Wahindi Wekundu, Wameksiko na watu weusi, na akapendekeza watoto wao watengwe katika madarasa yao. Hapa tunaona jinsi chombo cha kumsaidia mnyonge kinavyoweza kugeuzwa hati ya kuthibitisha unyonge wake.

Mwaka 1921 Terman alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi katika jimbo la California, akapata takriban 1,500. Lakini aliwapataje? Kwa sehemu kubwa, kwanza walimu walitaja majina, kisha waliotajwa ndio waliopimwa. Matokeo yake, wengi walikuwa watoto weupe wa familia zenye nafasi. Na hata katika kazi yake yenyewe kipimo kilikosea. Wavulana wawili waliopimwa na kuachwa nje, William Shockley na Luis Alvarez, walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. Kati ya wale walioteuliwa hakuna hata mmoja aliyepata tuzo hiyo.

Madarasa ya New York

Haitakuwa haki kusema kwamba kazi yote ilikuwa upuuzi. Leta Hollingworth, mwalimu wa saikolojia mjini New York, aliona kwamba mtoto hodari sana hupoteza karibu nusu ya muda wake darasani akingojea wenzake. Mwaka 1936 alisaidia kufungua majaribio katika Shule ya Speyer, Manhattan. Watoto wa miaka 7 hadi 9 walimaliza masomo ya kawaida katika sehemu ya siku, na muda uliobaki wakapewa mafunzo ya nyongeza. Hawakupewa hesabu zilezile kwa wingi zaidi. Walichunguza asili ya vitu vya maisha ya kila siku: chakula, nguo, nyumba, taa, usafiri. Waliuliza vitu hivyo vilitoka wapi na mikono ya wanadamu ilivitengenezaje. Walisoma pia Kifaransa na maisha ya watu mashuhuri.

Msomaji atafakari hapo. Kujifunza jinsi mkate, kitambaa na taa vinavyotokana na kazi ya binadamu ni elimu bora kabisa. Lakini kuna sababu gani ya kusema inamfaa tu mtoto aliyepata alama 130 katika kipimo? Katika jengo lilelile kulikuwa na madarasa ya watoto waliohesabiwa kuwa wazito. Madarasa ya hodari yaliitwa kwa jina la Terman, na ya wazito kwa jina la Binet. Hata majina yalionyesha jinsi kipimo kilivyowagawa watoto.

Wale Ambao Hawakutafutwa

Jibu zito kwa nadharia ya Terman lilitoka Chicago. Katika miaka ya 1930 msomi mweusi, Martin Jenkins, aliingia katika shule za mji huo walimosoma watoto weusi, akatumia kipimo kilekile. Alipata watoto 103 wenye akili za juu. Mwaka 1935 yeye na profesa wake, Paul Witty, walichapisha habari za msichana mweusi wa miaka 9 aliyepata alama 200, kiwango ambacho ni nadra mno popote duniani. Msichana huyo hakuzaliwa siku alipopimwa. Alikuwapo siku zote, na kilichokosekana ni mtu wa kumtafuta.

Nchi ile iliamka kwa nguvu kwa sababu nyingine kabisa. Tarehe 4 Oktoba, 1957 Urusi ya Kisovyeti ilirusha Sputnik, na mwaka 1958 Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa. Fedha zilitolewa kwa sayansi, hisabati na lugha za kigeni, na kwa kuwapima na kuwashauri wanafunzi hodari. Jina la sheria lajieleza lenyewe: mtoto alitafutwa kama silaha inavyotafutwa. Wasovyeti wenyewe walikuwa wamepiga marufuku vipimo vya akili mashuleni mwaka 1936. Badala yake walitegemea vikundi vya hisabati, ufundi na sanaa baada ya saa za masomo, ingawa huko nako mtoto wa mjini alikuwa na nafasi kubwa kuliko wa kijijini.

Mabadiliko ya mawazo yalikuja polepole. Mwaka 1977 Joseph Renzulli wa Chuo Kikuu cha Connecticut alitoa mpango wa mafunzo ya nyongeza wenye ngazi tatu, na mwaka uliofuata akaeleza kwamba kipaji si alama tu, bali ni muungano wa uwezo, ubunifu na bidii katika kazi. Ngazi za mwanzo za mpango wake ziliweza kufunguliwa kwa watoto wote, ili vipaji vijionyeshe katika kazi yenyewe.

Ushahidi wa karibuni ni wa wilaya ya Broward, Florida. Kabla ya mwaka 2005 watoto walipendekezwa na walimu na wazazi. Mwaka huo wilaya ikaanza kuwachuja watoto wote wa darasa la pili. Idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walioingia katika madarasa ya vipaji iliongezeka sana. Uchumi ulipodorora, mpango ukasimamishwa, na pengo likarudi. Watoto walikuwa walewale. Kilichobadilika ni namna ya kuwatafuta.

Funzo kwa Kada

Sisi si wageni katika jambo hili. Shule ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1925, mkoloni hakuhitaji kipimo chochote: aliwachukua watoto wa machifu na kuwaita viongozi wa kesho. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikosoa urithi wa elimu ya kuwatayarisha wachache na kuwaacha wengi wajione wameshindwa. Lakini kukosoa si kumaliza. Kila tunapomwambia mwalimu ataje watoto hodari, tujiulize anawataja akina nani: yule mwenye vitabu nyumbani, au pia yule anayefika amechoka kwa kuchota maji?

Kwa hiyo msimamo sahihi hauwi kuua vipaji kwa jina la usawa. Mtoto mwepesi anayekaa bure darasani ni hasara kwa taifa zima. Msimamo sahihi ni kuwatafuta wote bila kungojea watajwe, kuanza na elimu hai kwa kila mtoto, na kumwongezea yule anayeonyesha njaa ya zaidi, huku akikumbushwa kwamba kipaji chake ni amana ya wenzake. Msichana wa Chicago alipatikana kwa sababu mtu mmoja alikwenda mahali ambapo wengine hawakwenda. Katika shule yako, kata yako na kijiji chako, nani amekwenda kumtafuta mwenzake?