Zana ya Bure na Mwenye Kuiondoa: Funzo la 2005 kwa Nakivale na Mbarara

Makala haya yanadai kuwa swali la kwanza kuhusu zana ya kutunza matoleo ya programu si bei, bali ni nani anayeweza kuiondoa. Mwaka 2002 wajenzi wa Linux walianza kutumia BitKeeper, mali ya kampuni, kwa leseni isiyo na malipo. Mwaka 2005 leseni hiyo ikaondolewa. Linus Torvalds akaunda Git, mfumo huria unaomwachia kila mshiriki historia nzima ya kazi. Kwa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1958, maana yake ni kwamba kijana asiye na intaneti huandika na kuhifadhi papo hapo, kisha huunganisha kazi yake na ya wenzake afikapo Mbarara. Hivyo ufadhili usielekezwe kwenye leseni, bali kwenye kompyuta, umeme na vifurushi vya data.