Pembe ya Pembeni

Chumba ninachopanga kina pembe nne. Moja ina kitanda, ya pili jiko la gesi na vyombo, ya tatu ndoo za maji, ya nne meza ninayoandikia tasnifu. Sabufa nimeisukuma chini ya kitanda. Nikiongeza sauti, kijiko hulia ndani ya kikombe kabla sijaisikia besi yenyewe. Labda ndiyo maana Paul Klipsch amenikaa kichwani kuliko watu ninaopaswa kuwaandika: yeye alitaka pembe nzima ya chumba iwe ya spika.

Alizaliwa Indiana, Marekani, mwaka 1904. Alisomea uhandisi, akaenda Chile kutunza vichwa vya treni za umeme, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ofisa wa jeshi kwenye eneo la kujaribia silaha huko Hope, Arkansas. Vita vilipokwisha hakuondoka. Mwaka 1946 alianzisha biashara ya spika hapohapo.

Amplifaya za valvu za wakati ule zilitoa wati chache. Majumba ya sinema yalikuwa yameshapata dawa tangu filamu zianze kusema: wufa kubwa nyuma ya pembe kubwa. Koni ya spika ikiachwa wazi husukuma hewa, na hewa inaikwepa, kwa hiyo nguvu nyingi huishia kuwa joto. Pembe huibana hewa shingoni kisha huipanua taratibu hadi mdomoni. Gramafoni ya zamani ilijaza sebule bila umeme kwa njia hiyo hiyo.

Shida ni besi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa takriban mita 8.5, na mdomo wa pembe unaolitoa vizuri unapaswa kuwa na mzunguko unaokaribia urefu huo. Hizo ni kama mita za mraba 5.7, zaidi ya milango mitatu ya chumba. Nani ataliingiza dude hilo nyumbani?

Hapa Kiswahili kina bahati, maana pembe ya kupuliza na pembe ya chumba ni neno moja. Klipsch alizikutanisha. Kuta mbili na sakafu hubakiza moja ya nane tu ya uwazi ambao sauti ingetawanyikia, na mdomo unaohitajika hupungua kwa kiasi hicho hicho. Sasa nusu ya mlango inatosha. Njia ya sauti aliikunja ndani ya kabati, nyuma ya wufa ya inchi 15, na kuta za nyumba zikawa sehemu ya mwisho ya pembe. Spika hiyo, Klipschorn, hutoa takriban desibeli 105 kwa wati 1. Spika ya desibeli 85 inahitaji wati 100 kuifikia. Zaidi ya hapo, koni yake husogea kidogo mno, na besi hubaki safi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba transista ziliiua pembe: wati zikawa rahisi, kabati kubwa likakosa kazi. Tarehe hazikubali. Edgar Villchur alitoa AR-1, kisanduku kilichofungwa chenye besi nzito, mwaka 1954, wakati amplifaya za nyumbani bado zilikuwa za valvu. Watu walikubali kupoteza nguvu ili wabaki na nafasi. Kisha, kuanzia 1958, santuri za stereo zikaenea, na kila nyumba ikahitaji spika mbili. Anayetaka pembe mbili za chumba, kwenye ukuta mmoja, zisizo na mlango wala kabati la nguo, anahitaji kwanza nyumba. Kwangu mimi, kilichoamua ni kodi ya nyumba kuliko transista.

Klipsch mwenyewe hakutetereka, ingawa mwaka 1957 alitengeneza spika ndogo isiyohitaji kona. Aliiita Heresy, yaani uzushi. Alifariki mwaka 2002. Klipschorn bado inatengenezwa Hope, na toleo la miaka ya karibuni limefungwa nyuma, halilazimiki tena kubanwa kabisa kwenye kona.

Nimepima kwa rula. Hata hilo haliingii, labda nihamishe ndoo.