Nani Alikuchagulia?

Kijana wa Kigombe, hapo kati ya Tanga na Pangani, akirushiwa wimbo wa zamani wa Black Star au Lucky Star, huugusa kwa kidole tu na taarabu ikaanza kulia simuni. Haulizwi anataka programu gani impigie wimbo huo. Neno hilo lilikwisha kuamuliwa na waliotengeneza simu.

Enzi za redio ya betri mambo hayakuwa hivyo. Mtu wa pwani alizungusha kitufe mwenyewe: akitaka Radio Tanzania Dar es Salaam, akitaka Sauti ya Tanzania Zanzibar, akitaka Mombasa ng'ambo ya mpaka. Kompyuta ndiyo iliyoleta desturi ya kuchaguliwa.

Jina la kila faili la muziki lina herufi za mwishoni, mathalani mp3. Mfumo endeshi, yaani programu mama ya kompyuta, hutunza orodha: herufi hizi afungue fulani, zile afungue fulani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 orodha hiyo iligombewa kama mpira wa kona. Ukiingiza RealPlayer, inajiandika. Ukiingiza Winamp, inamfuta mwenzake na kujiandika yenyewe, na mwenye kompyuta pengine hana habari.

Microsoft walikuwa na silaha kubwa zaidi, kwani mfumo endeshi wenyewe ulikuwa wao. RealAudio, iliyowezesha redio kusikika kwenye intaneti, ilitoka mwaka 1995, kazi ya kampuni ya Rob Glaser, aliyepata kuwa mtu wa Microsoft. Kufikia Mei 1999, muunda kompyuta hakuweza tena kununua Windows bila Windows Media Player ndani yake. Hakuna aliyekatazwa kutumia nyingine, hilo ni kweli. Lakini kwa laini za simu za wakati ule, nani angekesha akipakua programu ilhali iko moja tayari mezani?

Tarehe 24 Machi 2004 Tume ya Ulaya iliwatoza Microsoft faini ya euro milioni 497, kwa kosa hilo na lingine la kuwanyima washindani maelezo ya seva, ikaamuru pia iuzwe Windows isiyo na programu hiyo. Mahakama ilikubaliana na Tume Septemba 2007. Wakati huo RealNetworks walikuwa wamekwisha kupatana na Microsoft, Oktoba 2005, kwa dola milioni 761.

Na ile Windows pungufu? Iliingia madukani kwa bei ile ile ya iliyo kamili. Ikadoda, na sioni ingekosaje kudoda. Dawa ilikuwa kumwuliza mnunuzi siku ya kwanza anataka ipi. Ulaya ilifanya hivyo mwaka 2010, lakini kwa programu za kuperuzi intaneti. Kwa muziki hakuna aliyerudi nyuma.

Hasara yake tunaiona sisi watangazaji. Vipindi vingi vya redio vya miaka ile viliwekwa kwenye intaneti kwa RealAudio. Mtumie leo kijana wa Kigombe faili la namna hiyo, aliguse, na simu yake huenda ikamwambia haiwezi kulifungua. VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, hufungua mengi ya mafaili hayo, tena bure. Ila haiji na simu. Sharti mtu amwambie kwamba ipo.