Kichwa Chini, Kichwa Juu: Historia ya Kumvizia Bata Mzinga Mwitu

Bata mzinga mwitu ni ndege wa misitu ya Amerika Kaskazini, na yule anayefugwa leo katika nchi nyingi alitokana na jamaa zake wa Mexico, ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kuwazoesha kabla Wahispania hawajawavusha bahari katika karne ya 16. Historia ya kumwinda huyu wa porini ni historia ya kusoma tabia zake, kwa maana kila mbinu iliyofaulu, ya haki au ya kikatili, ilitegemea jambo ambalo ndege mwenyewe hulifanya kwa maumbile yake.

Mbinu ya kikatili kuliko zote ilikuwa zizi. Mchoraji wa ndege John James Audubon, ambaye picha ya kwanza katika kazi yake kubwa, Birds of America, ni ya dume la bata mzinga, alieleza jinsi walowezi walivyojenga zizi la magogo lililofunikwa juu, wakachimba handaki fupi lililopita chini ya ukuta na kutokea ndani, kisha wakamwaga mahindi humo. Ndege walifuata punje vichwa chini hadi wakajikuta ndani. Waliposhtuka waliinua vichwa, wakazunguka kuta wakitafuta upenyo palipopita mwanga, na tundu waliloingilia, lililokuwa pale pale miguuni pao, hawakulitazama tena, kwa kuwa bata mzinga mwenye hofu huangalia juu na mbali. Mitego hiyo, bunduki za wauza nyama na ukataji wa misitu viliwamaliza ndege hao jimbo baada ya jimbo: Connecticut walitoweka mwaka 1813, na Massachusetts mwaka 1851.

Kumwita ndege ni ufundi wa namna nyingine kabisa, na unastahili heshima zaidi. Chombo cha zamani ni kifilimbi cha mifupa ya bawa iliyounganishwa, ambacho hakipulizwi bali hunyonywa kwa midomo, kikatoa sauti ya jike. Baadaye kilikuja kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa ukingoni, ambacho Henry Gibson wa Arkansas alikipatia hataza mwaka 1897. Ugumu ni kwamba kwa desturi ya ndege hao, dume huwika alfajiri akiwa bado juu ya mti aliolala, na jike ndiye anayemfuata. Mwindaji anayetetea kama jike anamtaka dume aupindue utaratibu huo, ndiyo maana dume mzee mara nyingi husimama mbali kidogo, akatanua mkia, akashusha mbawa hadi zikwaruze majani makavu, na kungoja.

Hapo ndipo kujificha kunapoamua kila kitu. Bata mzinga hunusa kwa shida, lakini macho yake yaliyo ubavuni mwa kichwa huona karibu pande zote na hutambua rangi vizuri. Kwa hiyo mwindaji huketi akiegemea mti mpana kuliko mabega yake, ili umbo lake lipotelee kwenye shina, na husogeza bunduki pale tu kichwa cha ndege kinapopita nyuma ya mti. Akikosea, husikia mlio mmoja mfupi na mkavu wa tahadhari, na dume haonekani tena.

Jitihada za kuwarudisha ndege hao porini, kule walikokuwa wametoweka, zilianza kwa kuachilia ndege waliolelewa mabandani, lakini wengi walikufa, kwa sababu hawakuwa na mama wa kuwafundisha hofu. Ilibidi wakamatwe wale wa mwituni hasa, na mwaka 1951, katika msitu wa Francis Marion huko South Carolina, walinaswa kwa wavu uliorushwa na mizinga midogo juu ya kundi lililoinamia mahindi, vichwa chini kama katika zizi la Audubon, safari hii ili wahamishwe wakiwa hai. Kati ya mwaka 1972 na 1973, ndege 37 waliokamatwa New York waliachiliwa Massachusetts, na vizazi vyao sasa huwika humo kila majira ya kuchipua.