Jiwe la Kutu

Ndugu msikilizaji, na leo ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya jiwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa Geita kurekodi sauti za wachimbaji wadogo. Mzee mmoja, aliyekula chumvi nyingi kwenye maduara, alinionyesha mahali palipokuwa na rundo la mawe yenye rangi ya kutu. "Mwanangu, haya tulikuwa tunayatupa," aliniambia. "Sisi tulifuata jeupe tu." Siku moja akaja mtu na lori, akanunua rundo lote kwa bei ya kifusi. Baadaye wakasikia kwamba lilikuwa na dhahabu.

Wazee wale hawakuwa wajinga. Katika historia ya dhahabu ya nchi yetu, jiwe jeupe lina sifa ya zamani. Mgodi wa Sekenke, kule Iramba, ulioanza mwaka 1909, ulifuata mishipa ya jiwe hilo, ambalo wataalamu huliita kwatsi. Mwaka 1916, Vita Kuu ikiwa imewakatia Wajerumani njia ya bahari, dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo.

Lakini Geita ni habari nyingine. Mgodi wa enzi ya Waingereza, ulioanza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966, ulipata dhahabu yake nyingi ndani ya mwamba wa chuma wenye mistari mistari. Iliingiaje humo?

Miamba ile ina umri wa karibu miaka bilioni 2.7. Ilianza kama matope na lava, kisha joto na mgandamizo wa ardhini vikaigeuza ikawa miamba mingine kabisa, ndiyo maana huitwa miamba geu. Ilipokunjwa na kupasuka, maji ya moto ya nyuzi zaidi ya 250 yalipanda kutoka chini kupitia nyufa hizo. Maji hayo yalibeba kiberiti, hewa ya ukaa na chembe za dhahabu. Dhahabu husafiri ikiwa imeshikamana na kiberiti, kama abiria na basi lake.

Yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, kiberiti kiliiacha dhahabu na kukishika chuma. Pakazaliwa madini ya pairiti, yanayong'aa kwa manjano hafifu, na dhahabu, ikiwa haina tena wa kuibeba, ikabaki papo hapo. Kwa hiyo maji yaliyojaza ufa kwa jiwe jeupe ndiyo hayo hayo yaliyoubadilisha mwamba wa pembeni. Pairiti ikifika karibu na uso wa nchi, hewa na mvua huila, ikaacha kutu. Ile rangi aliyonionyesha mzee ilikuwa nyayo za maji yale.

Si kila jiwe la kutu lina dhahabu, msomaji wangu asije akakimbilia jembe. Tena dhahabu iliyofungwa ndani ya pairiti haikamatwi vizuri na zebaki. Mchimbaji huosha, hupata kidogo, na nyingine huondoka na marudio. Anayeyanunua marudio hayo akiwa na dawa na vipimo vyake huvuna asichopanda.

Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa kisasa ulifunguliwa Geita. Migodi ya namna hiyo hupima jiwe kabla ya kuamua lipi ni mali na lipi ni kifusi. Mchimbaji mdogo huamua kwa macho. Tofauti hiyo ndiyo iliyomponza yule mzee, wala si uvivu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ombi langu ni dogo: kabla ya kuuza rundo, lipimwe, na bei ifuate kipimo. Maji yale yalikwisha kuandika habari zote ndani ya jiwe. Tusiuze kitabu kabla hatujakisoma.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.