Njia Inayoishia Mahali Patupu

Kama mzazi wa babu yako alizaliwa Nakuru mwaka 1900, basi alizaliwa Uganda. Hakuhama. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, Bonde la Ufa huku kwetu lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Baada ya hapo likawa la himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Kalamu ilisogea, watu wakabaki palepale.

Mwaka huu nimeishi na hiyo kalamu, maana nimekuwa nikitafuta mahali alipozikwa babake shosho. Sisi wa Bondeni tukiulizwa kwetu ni wapi tunajibu "Bondeni" na mambo yanaisha. Lakini uchaguzi ukikaribia, kuna mtu huuliza mara ya pili: sawa, ila kwenu hasa ni wapi? Uzito wa hilo swali tuliuona Januari 2008.

Shosho hujibu kwamba alizaliwa Solai, kwa Kipara. Kipara alikuwa mzungu mwenye shamba. Tafuta "Kwa Kipara" kwenye ramani yoyote, hutapata.

Solai ilikuwa ukingoni. Kaskazini ilikuwa rizavu ya Watugen wa Baringo. Upande huu zilikuwa nyanda zilizotengewa wazungu, ambazo mipaka yake iliwekwa rasmi kwa amri ya 1939. Babake shosho alikuwa Mkikuyu, skwota kwenye shamba. Mamake alitoka ng'ambo ya mstari, kwa Watugen. Waliochora ule mstari ni kama hawakujua kwamba watu wa pande mbili huoana.

Skwota alilima kipande kidogo, akafuga mbuzi wake, halafu akalipa kwa jasho. Sheria ya 1918 ilitaka siku 180 za kazi kwa mwaka. Ile ya 1937 iliruhusu hadi siku 270. Na mbele ya sheria alikuwa mtumishi, si mpangaji, kwa hivyo hakuna hati ya ardhi iliyokuwa na sababu ya kumtaja.

Kilichotuokoa ni kipande, kile kitambulisho ambacho wanaume walilazimishwa kuvaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kumwajiri mtu, mshahara wake na tarehe ya kumwachisha, kisha akatia sahihi. Chetu kilikuwa kimelala kwenye sanduku la shosho miaka yote. Sahihi ikatupa jina halisi la Kipara. Jina likatupeleka kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo mengi ya zamani yako mtandaoni, na humo, kwenye tangazo la ardhi, likatokea kando ya nambari ya L.R. Hiyo nambari ndiyo jina la shamba kwa mpima ardhi. Ukiwa nayo, ramani za upimaji zitakuonyesha shamba lilikuwa wapi.

Lakini ramani ya upimaji inakuonyesha mipaka ya shamba tu. Ukitaka kujua ndani yake kulikuwa na nini, unahitaji ile ya skeli ya 1:50,000, sentimita mbili kwa kilomita moja. Unaijua. Ndiyo tuliyopewa kwenye mtihani wa Jiografia sekondari, tukahesabu kontua bila kujua zitatufaa lini. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na hayo ndiyo masomo niliyotumia. Ramani hizo zilianza kutengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kutokana na picha zilizopigwa na ndege za jeshi la Uingereza. Ziulizie Survey of Kenya, Ruaraka. Za zamani zaidi, kati ya miaka ya 1890 na 1940, Maktaba ya Uingereza imezipiga picha mamia kutoka kwa iliyokuwa Ofisi ya Vita.

Shosho hajui kontua. Anajua kwamba alishuka kwenda mtoni, na akirudi asubuhi na mtungi jua lilimpiga usoni. Basi nyumba ilikuwa mashariki ya mto, juu yake. Treni ya Solai aliisikia kwa chini. Niliandika kila neno, nikaitandaza ramani mezani.

Nyumba ya Kipara ipo, na barabara yake. Nyumba za maskwota hazipo. Ila kuna mstari mwembamba wa vitone, njia ya miguu, unaotoka mtoni, unapanda kontua tatu kuelekea mashariki, halafu unaishia mahali patupu. Na nani hupiga njia kwenda mahali patupu? Mwaka 1953, maskwota Wakikuyu walipokuwa wakifukuzwa kwa maelfu kutoka Bonde la Ufa, mamake shosho, akiwa tayari mjane, aliwavusha watoto hadi rizavuni. Kilichobaki pale kwenye ramani ni walipokanyaga.

Tulienda. Mahali penyewe sasa ni mahindi. Baba yake mwenye shamba alinunua hisa kwenye kampuni ya ardhi baada ya uhuru, wakagawiwa ploti. Mwenyeji alipoiona ramani mkononi mwangu, uso ulibadilika.

"Shosho, mmekuja kudai?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kumsalimia baba."

Kaburi hatukulipata, jembe limepita hapo miaka mingi. Shosho alisimama kwenye mahindi akaongea kidogo kwa Kikuyu, kisha kidogo kwa Kitugen, lugha ya mamake. Mwenyeji alingoja hadi amalize. Halafu akanishika mkono, akaniambia babake naye alizaliwa skwota, huko Njoro, kwa mzungu ambaye wanamjua kwa jina la utani tu.

"Hiyo ya Njoro," akauliza, "unayo?"